Uzi: Makumbusho yanavyozungumza na wananchi kuhusu tabianchi, na pale yanaposhindwa

Mwalimu wa Kilifi (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari kaunti ya Kilifi, na karibu kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu kwenye magofu ya Gede, ambayo wenyeji mnayajua na wageni mtayakuta msituni karibu na Watamu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea huko katika safari yetu ya mwisho, likanifanya nijiulize upya makumbusho yana kazi gani hasa katika suala la mabadiliko ya tabianchi.

Mtembezaji wetu alianza kama kawaida: msikiti mkuu, jumba la mfalme, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na vigae vya vyombo kutoka China. Wanafunzi walikuwa wakisukumana na kupigana picha. Tulipofika kwenye kisima karibu na msikiti, msichana mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu tushuke kwenye basi aliinama juu ya kingo, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na maji yalikwenda wapi?"

Mtembezaji hakumpuuza. Alimweleza kwamba mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na kwamba sababu zinazotolewa ni kadhaa: wako wanaotaja mashambulizi, wako wanaotaja biashara kuhamia miji mingine, na wako wanaosema kuwa maji ya chini ya ardhi yalishuka hata visima vikabidi kuchimbwa zaidi. Kelele zikakatika. Mvulana mmoja anayetoka upande wa Ganze akasema kwamba kamba ya kisima cha babu yake imeungwa mara mbili tangu yeye apate akili. Mwenzake akamuuliza kama maji yenyewe yamekuwa ya chumvi. Kwa karibu nusu saa watoto wale walijadiliana juu ya mvua, visima, ukataji wa miti na ukame bila mimi kutia neno, ilhali kwa mihula miwili nilikuwa nimewachorea ubaoni grafu ya hewa ukaa nao wakainakili kama wanavyonakili kila kitu.

Muhula huohuo tulikuwa tumezuru makumbusho mengine, ambayo sitayataja, yenye chumba kizima cha tabianchi. Ndani mlikuwa na mabango manane ya Kiingereza, picha ya dubu mweupe aliyesimama juu ya kipande cha barafu, mishale myekundu ya kuonyesha jinsi gesi zinavyonasa joto la jua, na skrini iliyobandikwa karatasi isemayo kwamba inatengenezwa. Nilitazama saa. Darasa la watu 43 lilipita chumba kile kwa dakika 4, na walipotoka mlangoni hakuna aliyeuliza swali.

Sisemi kwamba mabango yale yalidanganya. Kila neno lilikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba makumbusho yana kitu ambacho kitabu na simu havina, nacho ni kitu chenyewe, kilichokaa mbele yako na kilichoguswa na watu waliokutangulia. Panapoanzwa na kitu, swali hutoka kwa mgeni mwenyewe, na sayansi huja kama jibu la mtu aliyeuliza. Panapoanzwa na mishale myekundu, mgeni anajibiwa swali ambalo hajaliuliza.

Naomba pia nisieleweke vibaya kuhusu Gede. Hakuna anayeweza kusema kwamba joto la leo linalotokana na makaa ya mawe na mafuta ndilo lililouhamisha mji wa karne ya 17, na mtembezaji atakayesema hivyo atakuwa anawadanganya watoto kwa nia njema. Kisima kile kinafaa kwa sababu ni swali ambalo halijafungwa.

Papo hapo Gede kuna jambo jingine ambalo naona halisifiwi vya kutosha. Tangu mwaka 1993 pana mradi wa Kipepeo, ambapo wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao, vinavyosafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mgeni anaona vipepeo wakipepea, anaona kifukofuko kilichoning'inia kama jani kavu, kisha anaelezwa kwamba mti ukikatwa kipepeo hana pa kutaga na mfugaji hana cha kuuza. Mradi huu haukuanzishwa kwa jina la tabianchi, lakini sijaona bango lolote lililowafahamisha wanafunzi wangu thamani ya msitu uliosimama kuliko kifukofuko kile.

Sasa nauliza: huko mliko, makumbusho yanalizungumzaje jambo hili? Yanawafikia wananchi, au yanajisemea yenyewe?

Mtembeza wageni, Mombasa

Bwana Mwalimu, umenigusa penyewe, kwa kuwa mimi ndiye yule mtu anayesimama kando ya kisima. Natembeza wageni Mombasa, na Ngome ya Yesu ndiyo riziki yangu. Nitakueleza ninavyofanya, ingawa sikufundishwa na mtu.

Zamani nilikuwa nikianzia langoni kwa Wareno: ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, msanifu wake alikuwa Mtaliano, ikawa makumbusho mwaka 1962 na urithi wa dunia mwaka 2011. Mgeni hutikisa kichwa, na baada ya dakika 10 ameshasahau. Siku hizi nawapeleka kwanza upande wa bahari. Nawaambia watazame mwamba uliobeba ngome. Ukisogea karibu utaona kwamba si jiwe la kawaida bali ni tumbawe, na mara nyingine mtoto hutia kidole kwenye vijishimo vyake akashtuka kuona maumbo yaleyale anayoyaona baharini maji yanapokupwa. Mwamba huu ulikuwa mwamba wa bahari wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita.

Hapo daima hutokea mjuaji mmoja akasema, "Basi bahari imekuwa ikipanda na kushuka tangu zamani, wasiwasi wa nini?" Mimi hulipenda swali hilo. Humjibu kwamba ni kweli, lakini wakati ule hapakuwa na Mji wa Kale, hapakuwa na bandari ya Kilindini, na hapakuwa na kaburi la bibi yako karibu na ufuo. Tena safari hii kupanda kwake kunapimwa katika umri wa mtu mmoja. Kisha namwonyesha ukuta uliojengwa miaka ya karibuni chini ya ngome kwa sababu mawimbi yalikuwa yanakula mguu wa mwamba. Ukuta ule una ubishi wake hapa mjini, na siuingii, lakini kila mtu anayeuona anaelewa bila tafsiri kwamba kuna mtu serikalini aliyeiogopa bahari kiasi cha kutoa fedha.

Kutoka hapo naenda kwenye matumbawe yaliyo hai. Wavuvi wenye umri wangu wanaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998: mvua zilizobomoa barabara, kisha mwaka 1998 bahari ikapata joto na matumbawe mengi ya pwani hii yakageuka meupe na kufa. Ngome ni ya mawe ya tumbawe, na mwamba unaowalisha wavuvi ni tumbawe. Nikisema hivyo sina haja ya kuinua sauti.

Halafu kuna boriti. Wageni huuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu na vyembamba, nami nawaambia kwamba upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti, na boriti ni mkoko. Hapo napata njia ya kuwapeleka Gazi, huko Kwale, ambako wenyeji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa humo tangu mwaka 2013, na fedha zikaenda kwenye maji na shule. Mgeni aliyeingia kutafuta mizinga ya Wareno anatoka akiuliza nauli ya Gazi.

Malalamiko yangu ni moja tu. Yote haya nimeyaokoteza mwenyewe, kwa wavuvi, kwa wanafunzi wa chuo na kwa wageni waliosoma. Sisi watembezaji ndio midomo ya makumbusho, lakini semina tunazoitiwa ni za tarehe na wafalme.

Mashaka ya Kibinadamu

Mleta uzi na mtembezaji, heshima kwenu, lakini nitawapinga. Mimi nakaa Moshi. Tuliambiwa kwamba barafu ya Kilimanjaro itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Ninapoandika hapa, mawingu yakifunguka asubuhi naiona. Makumbusho yakigeuka mimbari ya utabiri, siku utabiri ukikosea wananchi hawatayaamini hata kwenye mambo ya historia. Kazi yao ni kuhifadhi. Mahubiri yana wenyewe.

Binti wa Kibosho

Mkuu Mashaka, mimi pia ni wa mlimani, na nakubaliana nawe nusu. Utabiri unaoutaja ulikuwepo. Ulitolewa mwaka 2002 na timu ya mwanasayansi wa barafu Lonnie Thompson wa Ohio, Marekani, waliopanda mwaka 2000 na kutoboa barafu mara 6, wakatoa mihimili ya barafu, yaani vipande virefu vya mviringo vilivyotobolewa kutoka juu hadi chini, ambayo ya chini kabisa waliikadiria kuwa na umri wa karibu miaka 11,700. Walisema kwamba hali ikiendelea vilevile barafu itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha, na ni haki yako kulisema.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, ilibidi wakate ngazi kwenye barafu ili wapite, mahali ambapo wapandaji wa leo wanakanyaga changarawe. Utabiri ulikosea miaka; mwelekeo haukukosea. Na UNESCO mwaka 2022 iliiweka barafu ya Kilimanjaro na ile ya Mlima Kenya katika kundi la barafu zinazotarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050.

Kuna jambo jingine ambalo mabango ya kawaida hayalisemi kwa sababu linatatiza hadithi. Wako wanasayansi walioupima mlima kwa miaka mingi wanaoona kwamba barafu ya Kilimanjaro haikuanza kupungua kwa joto la hewa peke yake, bali kwa ukavu: tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ilipungua unyevu, theluji ikawa haba, na jua likawa linaila barafu moja kwa moja, ikigeuka mvuke hata bila kuyeyuka kwanza. Ukavu huo wenyewe unahusishwa na Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu anayesema "joto limeyeyusha Kilimanjaro" anasema sehemu tu, na anayesema "basi tabianchi haihusiki" amekosea zaidi.

Mimi ningetaka makumbusho yenye ujasiri wa kuweka haya yote mezani. Nimewahi kufikiria chumba kimoja tu, kisicho na skrini. Sakafuni uchorwe ukingo wa barafu wa mwaka 1912 kwa chokaa, ndani yake uchorwe wa miaka ya katikati ya karne, na ndani zaidi wa leo, na mgeni atembee kutoka nje kwenda ndani kwa miguu yake. Ukutani ziwekwe picha za mlima kutoka upande uleule katika miaka tofauti. Na kwenye kona moja uwekwe ule utabiri wa 2002, na chini yake maandishi makubwa: "Huu haukutimia kwa wakati wake. Kwa nini?" Mkuu, wewe ungeingia chumba kile ukiwa na hasira, na ungekaa humo kuliko mtu yeyote.

Nimalizie kwa jambo linaloniuma. Ile mihimili ya barafu imehifadhiwa Columbus, Ohio, kwenye majokofu ya chuo kikuu. Siwalaumu waliofanya kazi hiyo. Bila majokofu yale isingekuwepo. Lakini siku barafu ya mlimani itakapokwisha, kipande cha Kilimanjaro kilichobaki kitakuwa Marekani, na mtoto wa Marangu atakiona kwenye simu.

Mhamiaji wa Bremen

Dada, umenikumbusha safari niliyofanya Berlin. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya huko kuna mifupa ya dinosaria mkubwa, kimo chake mita 13.27, na kibao kinasema imetoka Tendaguru, Lindi. Ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na mamia ya wachimbaji na wapagazi wetu waliibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Nilikaa chini ya shingo ile nikiwa na wanangu, wakaniuliza mnyama huyu alikula nini mahali pakavu kama Lindi. Swali zuri la tabianchi kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na limeulizwa mbali na mahali panapohusika.

Lakini nimekuja kueleza jingine. Saa moja kutoka ninapokaa, Bremerhaven, kuna nyumba ya maonyesho iitwayo Klimahaus, iliyofunguliwa mwaka 2009. Wameichora dunia kwa kufuata mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 8 mashariki, ukiendelea hadi upande wa pili wa dunia, na mgeni anausafiri kwa miguu: Uswisi, Sardinia, Niger, Kameruni, Antaktika, Samoa, Alaska, hadi kisiwa kidogo cha Ujerumani kwenye Bahari ya Kaskazini. Kila chumba kina hewa yake. Cha Niger ni kikavu na cha moto, cha Kameruni kina unyevu wa kukuchovya shati, na cha Antaktika kina barafu ya kweli. Watu wa kila mahali wanazungumza kwenye filamu kuhusu mvua yao, mifugo yao na samaki wao.

Kama ufundi, sijaona kinachofanana nacho. Wanangu wanakumbuka vyumba kwa ngozi zao, si kwa vichwa. Hata hivyo nilitoka na kinyongo kidogo. Nilipokuwa kwenye chumba cha Niger, mama mmoja pembeni yangu alijipepea kwa tiketi akasema kwa Kijerumani kwamba hawezi kuvumilia, akacheka na kutoka. Joto lile kwake lilikuwa la dakika 5, lenye mlango. Sikuona mahali penye nguvu ileile panapomwonyesha kwamba injini iliyomleta pale na joto lile vinajuana. Makumbusho ya Ulaya yanajua kukufanya uhisi. Kukuambia unahusikaje hugeuka ghafla kuwa na adabu.

Karani Mstaafu

Adabu hiyo ina bei, ndugu wa Bremen. Tuzungumze fedha, kwa sababu hakuna aliyezigusa.

Jumba la sanaa la Tate huko London lilifadhiliwa na kampuni ya mafuta ya BP kwa miaka 26. Wasanii walifanya maandamano ndani ya kumbi zenyewe kwa miaka kadhaa, na ufadhili ukafikia kikomo mwaka 2017. Mwaka 2021 Makumbusho ya Sayansi ya London yaliweka maonyesho kuhusu mbinu za kunasa hewa ukaa, na mfadhili akawa Shell. Wanafunzi na wanasayansi wakagoma na kulalamika. Mwishoni mwa mwaka 2023 Makumbusho ya Uingereza yakatangaza makubaliano na BP ya pauni milioni 50 kwa miaka 10. Wanaotetea wanasema jengo linavuja na fedha lazima zitoke mahali. Wanaopinga wanasema mwenye kulipa zumari ndiye anayechagua wimbo.

Sisi tusijione tuko pembeni. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Tanga, na gesi iko baharini karibu na Lindi hiyohiyo ya dinosaria. Siku makumbusho ya mkoa yakiletewa fedha za kujenga ukumbi wa tabianchi na kampuni yenye bomba, mhifadhi afanyeje? Mimi nilikaa kwenye ofisi za umma miaka 30. Nawahakikishia atakubali, kwa sababu paa linavuja. Kwa hiyo mkataba uwekwe wazi, na mfadhili asione maandishi ya ukutani kabla ya mgeni wa kwanza.

Mashaka ya Kibinadamu

Hapo naunga mkono hoja ya Karani kwa asilimia mia. Na Binti wa Kibosho, chumba chako cha chokaa ningekiingia. Utabiri uliokosea ukiandikwa ukutani, nitarudi na wajukuu.

Hebaria

Nachangia kwa ufupi kutoka Nairobi. Watu wengi wanaoingia makumbusho ya taifa pale Museum Hill hupiga picha na sanamu ya tembo Ahmed, wakatazama mifupa ya kale ya Turkana, wakaondoka. Nyuma ya maonyesho kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo mizizi yake ni Amani, Usambara, mwaka 1902. Ni makabati ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, mamia ya maelfu. Karatasi moja ina tawi la kahawia, maua yaliyofifia, na kibandiko cha mkono: mahali, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji. Ukiweka karatasi 50 za mmea mmoja zilizokusanywa kwa miaka 100 kando kwa kando, unaweza kuuliza kama unachanua mapema kuliko zamani, au kama umepanda mlimani. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya tabianchi ambayo hakuna chombo cha hali ya hewa kilichoiandika, na umma hauioni. Siombi makabati yafunguliwe kwa kila mtu. Karatasi 3 kwenye kioo, zenye tarehe 3, zingetosha.

Mwalimu wa Kilifi (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na nimefurahi kwamba Mashaka hakufukuzwa, kwa kuwa bila yeye tusingepata chumba cha chokaa.

Nimekuwa nikiwaza mahali ambapo mambo mliyoyasema yanakutana: ngozi ya Bremen, tarehe za hebaria, kumbukumbu za wavuvi wa Mombasa. Naona kwetu pwani tuna chombo kimoja kinachoyabeba yote, nacho kimelala. Ni mwaka wa Waswahili wa jua, ule unaoanza siku ya Nairuzi, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi. Manahodha waliutumia kujua lini kaskazi itatulia na lini kusi itafunga bahari; wakulima waliutumia kujua mwongo wa kupanda na mwongo wa kungoja. Makunduchi, huko Unguja, bado wanauoga mwaka kila Julai, na wageni hujaa kutazama watu wakichapana kwa migomba, lakini ni wangapi kati yao wanaojua kwamba nyuma ya sherehe ile kuna kalenda ya hali ya hewa?

Hebu fikirieni makumbusho ya pwani yakiweka ukutani mduara wa miongo yote, na chini ya kila mwongo maneno ya wazee: hapa mvua za mwaka zilianza, hapa samaki fulani walishuka, hapa mwembe ulichanua. Kisha kando yake ziwekwe rekodi za mvua za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Kisha kuwe na penseli na vikaratasi, na mgeni yeyote, awe mvuvi au mwanafunzi, aandike aliyoyaona yeye mwaka huu na kuyabandika kwenye mwongo wake. Tofauti na mabango yangu manane, ukuta ule ungekuwa haujakamilika, na mtu angerudi mwaka ujao kuangalia wengine wameandika nini.

Nasema mapema kabla Mashaka hajaniwahi: kalenda ile haina mwaka mrefu, kwa hiyo huteleza siku moja kila baada ya miaka 4. Mzee akisema "zamani mvua ilikuwa ikija mwongo fulani, sasa haiji", sehemu ya tofauti hiyo huenda ni mtelezo wa kalenda na sehemu ni mvua yenyewe. Lazima mtelezo huo upigiwe hesabu mbele ya mgeni, ukutani, tena kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaweza hesabu hiyo. Ni kugawanya kwa 4.

Sina makumbusho. Nina darasa, ubao wa softibodi nyuma ya chumba, na muhula unaoanza baada ya wiki mbili. Nimeamua kuujaribu ukuta huo darasani kwanza, na ukisimama nitawaomba wahifadhi wa Gede waje wautazame. Kinachonikwamisha ni kwamba huku kwetu nimepata wazee wanaotaja majina ya miongo, lakini hakuna aliyeweza kunihesabia mwaka mzima bila kuruka.

Mwana wa Makunduchi

Mwalimu, salaam aleikum. Baba yangu mdogo anahesabu. Hana simu ya kuandikia, na hapendi kurekodiwa na watu asiowajua, kwani wamekuja wengi na virekodi vyao, wakaondoka navyo, hatukuwaona tena. Ukiniandikia maswali yako nitamsomea baada ya alasiri, nikuletee majibu hapahapa. Ila amesema nikuulize kwanza: watoto wako wanajua upepo unaovuma kwao leo unaitwaje?

Mwalimu wa Kilifi (mleta uzi)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mfikishie shikamoo yangu. Leo asubuhi niliwauliza wanafunzi 6 wa jirani waliopita hapa nyumbani. Wawili walisema kusi, mmoja akasema ni upepo tu, na waliobaki wakatoa simu kuangalia. Mwambie naanza na hao. Maswali nakutumia usiku huu.